Mstari Pasipo na Barabara

Kalamu ya mashine ilikuwa ikichora tangu saa mbili asubuhi, na ilipofika saa nane mchana hapakuwa na mtu ofisini aliyekumbuka kwenda kula. Siku hizo ramani haikujitokeza kwenye kioo kufumba na kufumbua. Mashine yetu ilikuwa na upana wa kitanda, na kalamu yake ilikwenda na kurudi juu ya karatasi kama mkono wa fundi anayeshona, ikichora mstari mmoja kwa kila safari ya kila mtu tuliyemhoji: nyumbani hadi kazini, shuleni hadi sokoni, kwa mgonjwa hadi nyumbani tena. Maelfu ya mistari, yote ya siku moja tu ya kawaida ya kila mmoja. Mistari ilipopandana, wino ulikolea. Barabara kuu zikaanza kujitokeza zenyewe, moja baada ya nyingine, kama mishipa kwenye mkono wa mtu aliyebeba mzigo.

Kisha upande wa kusini kalamu ikang'ang'ania mahali pamoja. Ilipita, ikarudi, ikapita tena, mpaka karatasi ikalowa. Ukatokea mstari mweusi, mnene kuliko barabara ya uwanja wa ndege, ukikatisha katikati ya uwanja wa mabehewa ya reli. Pale ramani zetu zote hazikuonyesha barabara, wala daraja, wala kichochoro.

"Mashine imeharibika," nikasema.

Mkuu wetu alikuwa mhandisi wa makamo tuliyemwita Bi Rula, kwa sababu hakuwahi kuingia kikaoni bila rula ya mbao mkononi na hakuna aliyejua kama ni ya kupimia au ya kututishia. Aliinama juu ya karatasi mpaka pua yake ikakaribia kupata wino. Alipoinuka alivua miwani, na akazungumza taratibu, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

"Haijaharibika," alisema. "Hawa ni watu."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mchoraji ramani, na sijawahi tena kusisimkwa vile na kipande cha karatasi.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, na kazi yake hata mama yangu hakuielewa. Jiji na miji minane inayolizunguka ilikuwa imekua mpaka ikagusana, lakini kila mji ulibaki na meya wake, bajeti yake na kiburi chake. Barabara ilianza pana kwa hawa, ikifika mpakani kwa wale inakuwa nyembamba kama ulimi wa nyoka. Serikali kuu ikachoka. Ikasema fedha za barabara, reli na mabasi hazitatoka tena kwa anayepiga kelele zaidi. Mameya wote tisa wakae meza moja, watazame miaka ishirini na mitano mbele, kisha watoe orodha moja ya miradi ya miaka minne. Kisichokuwemo kwenye orodha hakipati kitu. Na orodha isizidi mfuko. Anayetaka kuingiza jipya sharti kwanza atoe la zamani. Sisi wa ghorofa ya tatu ndio tuliokuwa tukiwaandalia orodha hiyo.

Namba moja kwenye orodha ya mwaka ule ilikuwa barabara ya njia nne ya Mjomba wangu.

Mjomba alikuwa meya wa mji wetu, kusini mwa reli. Kabla ya hapo aliuza misumari, mabati na rangi, na ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki nikiwa darasa la tatu. Ada zangu, viatu vyangu, seti yangu ya kwanza ya bikari, vyote vilitoka mkononi mwake. Watu walimwita Lami, maana hakuna hotuba aliyoitoa bila kutaja lami. Hata kwenye harusi aliwahi kuwaambia maharusi kwamba ndoa ni kama barabara, isipotiwa lami mapema mvua ya kwanza inaondoka nayo. Alikuwa ameuahidi mji barabara ya njia nne kwa miaka sita. Uchaguzi ulikuwa mwaka unaofuata.

Nikitaka kusema mstari ule ulitoka wapi, lazima nirudi nyuma miezi minane.

Tulikuwa tukipita nyumba hadi nyumba na dodoso. Nilikuwa nimeazimwa kusaidia wadodosaji, na nyumba ya kumi na nne siku ile ilikuwa ya mama mmoja mfua nguo wa hospitali kuu. Tuliketi kwenye chumba kilichokuwa na viti viwili na cherehani. Alikuwa na mikono mipana, ngozi ya vidole imejikunja kwa maji na sabuni. Nikamuuliza kama lilivyoandikwa dodoso: jana ulisafiri kwa chombo gani? Basi, gari, pikipiki, baiskeli au treni?

"Kwa miguu," akasema.

Kwenye dodoso letu miguu haikuwa na kisanduku. Mwongozo ulisema anayekwenda kwa miguu aandikwe "hakusafiri". Nikaandika. Akainua shingo kusoma.

"Hakusafiri?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa khanga. "Mwanangu, mimi natoka hapa saa kumi na moja alfajiri, nakatisha reli kumi na moja, nafika kazini, nafua mashuka ya watu mia tatu, narudi. Wewe unasema sikusafiri. Basi hayo mashuka yanajifua?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamuuliza kwa nini hapandi basi. Akanieleza bila kinyongo kwamba basi lazima lizunguke hadi daraja la magharibi, mwendo wa saa nzima na nusu kwenye foleni, wakati hospitali iko pale, ng'ambo ya reli, unaiona ukisimama mlangoni.

"Na ni wengi mnaopita hapo?"

"Njoo uone," alisema. Kisha, kwa sauti nyingine, "Mwaka jana alipita mwenzangu wa zamu, hakufika."

Jioni ile nilimpelekea Bi Rula dodoso na nikamwambia alichosema yule mama. Nilitegemea aniambie nifuate mwongozo. Aliligonga dodoso kwa rula mara mbili, akawaita wadodosaji wote, na kesho yake tukaanza upya. Nyumba mia nne tulizokwisha kuzihoji zilirudiwa. Safari hii tuliuliza na miguu, na tukamwomba kila mtu atuambie alipopitia, kona kwa kona. Ndipo, baada ya miezi minane, kalamu ikalowesha karatasi.

Bi Rula alipiga hesabu zake wiki nzima. Daraja la waenda kwa miguu la mita mia mbili na arobaini, lenye mteremko wa baiskeli na viti vya magurudumu, na kituo cha mabasi upande wa kaskazini. Halikuwa jambo la mtu mmoja. Reli ni za shirika, ardhi ya kaskazini ni ya jiji, ya kusini ni ya mji wetu, na kwa miaka thelathini kila mmoja alikuwa amemwambia mwenzake, hilo ni lako. Meza ya mameya tisa tu ndiyo iliyoweza kuzibeba pande zote tatu. Lakini mfuko ulikuwa umejaa. Ili daraja liingie, kitu kikubwa kiondoke, na kikubwa kilichokuwa upande ule kilikuwa kimoja.

"Mjomba wako ndiye atakayelia," Bi Rula aliniambia. "Nimtume mtu mwingine?"

"Nitakwenda mwenyewe."

Nilimkuta nyumbani kwake Jumamosi, akinywa chai barazani, amevaa shati la ndani. Nilimwamkia, nikakunjua ramani juu ya meza, nikaiwekea vikombe kwenye pembe isijikunje. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya.

"Huu mstari umeuchora wewe?"

"Umechorwa na mashine, Mjomba. Mimi niliingiza majibu ya watu."

"Mashine haina mjomba. Wewe unaye." Akasukuma ramani, kikombe kikamwaga chai juu ya miji ya mashariki. "Nimekusomesha uje unichoree kamba ya kuninyonga?"

Mkewe alichungulia dirishani akarudi ndani. Nilikuwa nimejiandaa kwa takwimu, si kwa hilo. Nikainamisha kichwa, nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Njoo uone, Mjomba. Asubuhi moja tu. Ukiona ni uongo, nitakwenda mwenyewe kwa Bi Rula nikamwambie nilikosea kuingiza."

Alijimiminia chai nyingine. Nilikunja ramani yenye chai nikaondoka. Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri gari lake lilisimama mbele ya nyumba ya mama yangu, nilikokuwa nikiishi. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, kana kwamba tunakwenda bungeni.

Tuliliacha gari mwisho wa mtaa, penye ukuta uliobomoka. Kulikuwa na mwanga ule wa kwanza usio na rangi. Mbele yetu uwanja wa reli ulilala mpana kama mto mkubwa, safu kwa safu za mabehewa yaliyosimama, na hewa ilinuka mafuta mazito na kutu. Sikuona mtu. Nikadhani labda kweli niliingiza vibaya.

Kisha nikasikia kokoto.

Ilianza kama mvua ya mbali. Walitoka kwenye vichochoro vyote kwa pamoja, wakajikusanya penye ukuta, na ndani ya dakika chache tulikuwa katikati ya mamia ya watu. Wauguzi waliofunga viatu vyeupe kwenye mifuko ya plastiki. Mafundi na masanduku yao. Wanafunzi. Mtu mwenye magongo. Wapishi, walinzi, makarani, mama wenye watoto mgongoni. Na wote walikuwa kimya. Nimewahi kuingia misibani kulikokuwa na kelele kuliko pale.

Mbele kabisa alisimama yule mfua nguo. Alipiga goti, akaweka kiganja juu ya chuma cha reli, akakaa hivyo huku ameinamisha kichwa, na mamia wakasubiri mkono wake. Alikuwa akisikiliza treni kwa ngozi. Alipoinua mkono, safu ikaanza kwenda. Katika kila reli ya tatu kulikuwa na mwingine aliyepiga goti, kiganja juu ya chuma, akiwapitisha wengine mpaka zamu yake iishe na mtu ashike nafasi yake. Walipofika kwenye mabehewa waliinama wawili wawili chini ya vyuma vinavyoyaunganisha. Mwenye magongo alipitishwa kwa mikono, magongo yake yakamfuata juu ya vichwa vya watu. Watoto waliinama bila kuambiwa. Hakuna aliyesukuma. Hakuna aliyemwamrisha mtu.

Mimi nilikuwa nimesomea mambo hayo. Nilijua maneno yote, mtiririko, makutano, uwezo wa njia. Nikasimama pale nikiwatazama watu ambao hakuna ofisi iliyowahi kuwapangia chochote, nao walikuwa wamejipangia.

"Shikamoo Meya," kijana mmoja wa duka la Mjomba alinong'ona akipita. "Umepotea njia?"

Watu wachache waligeuka. Mjomba alifungua mdomo, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani hotuba kumkataa. Mfua nguo alimtazama kutoka pale alipopiga goti, akatazama viatu vyake, akasema kwa sauti ndogo lakini ya kazi:

"Baba, hapo uliposimama unatuzibia. Pita au rudi."

Mjomba akapita.

Nilimfuata nyuma. Alikuwa mtu wa mwili, na chini ya muungano wa kwanza koti lilinasa kwenye chuma, likachanika kwapani kwa sauti. Mkono wa mtu fulani ulimshika begani ukamwinamisha zaidi. Mkono mwingine ukamvuta upande wa pili. Kwenye reli ya saba waliopiga goti wote waliinuka ghafla, mikono ikashuka, na safu nzima ikaganda. Sisi wawili tukaganda nayo. Kichwa cha treni kilipita mbele yetu polepole, bila honi, bila taa, karibu kiasi kwamba joto lake lilitupiga usoni. Kikapita. Mkono ukainuka. Tukaendelea.

Upande wa pili watu waliachana bila kuagana, wengine kuelekea hospitali, wengine viwandani, na waliokuwa kimya wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, kwa sauti za kawaida, habari za watoto na bei ya mkaa. Mjomba aliketi juu ya gogo la kulazia reli lililotupwa. Alibana mikono katikati ya magoti.

"Yule mwalimu umemwona?" aliniuliza. "Aliyewafundisha binamu zako hesabu?"

"Nimemwona."

"Miaka sita mimi ni meya wao. Nawaona siku ya kura, wamepanga mstari, nasema watu wangu wana nidhamu." Nyuma yetu kokoto zilikuwa bado zinalia, walikuwa hawajaisha. Walikuwa hawaelekei kuisha. "Mimi nilidhani wamejifunza kwangu."

Tuliketi pale mpaka jua likatoka. Sikumwuliza ataamua nini, na yeye hakuniambia.

Kikao cha mameya kilifanyika wiki mbili baadaye, katika ukumbi wenye feni nne na moja tu iliyozunguka. Wananchi walijaa nyuma. Bi Rula alibandika ramani ukutani, ikiwa na doa la chai upande wa mashariki, na akaeleza kwa dakika kumi bila kupandisha sauti. Meya wa jiji akasema ni masikitiko, lakini orodha imejaa. Labda miaka minne ijayo. Wengine wakatikisa vichwa kwa huruma, ile huruma isiyogharimu kitu. Ndipo Mjomba akanyoosha mkono.

Nilikuwa nimesikia hotuba zake tangu utotoni. Hii haikuwa hotuba. Alisimama akashika ukingo wa meza.

"Naomba barabara yangu itoke namba moja. Ikae orodha inayofuata, au isikae. Nafasi yake liwekwe daraja."

Ukumbi ulivuma. Meya aliyeketi karibu naye alimvuta koti, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Lami, una wazimu? Mwakani ni uchaguzi."

"Najua mwakani ni nini," Mjomba alimjibu. "Wewe nenda kaweke kiganja chako kwenye reli saa kumi na moja alfajiri, halafu urudi unifundishe kalenda."

Zilihitajika kura sita kati ya tisa. Mikono minne ilipanda haraka, pamoja na wake. Wa tano ulikuwa wa meya wa mashariki, ambaye watu wake, kama mistari ilivyoonyesha, walipita pale pale. Kisha hakuna mkono mwingine uliopanda, feni ikilia. Meya wa jiji aliitazama ramani. Hakumtazama Mjomba, wala Bi Rula. Aliutazama ule mstari, na niliona macho yake yakienda na kurudi kama kalamu ilivyofanya. Akainua mkono taratibu, bila kuutoa wote mezani. Bi Rula, ambaye sikuwahi kumwona akiketi mbele ya wakubwa, aliketi.

Mjomba alishindwa uchaguzi, tena vibaya. Wapinzani walizunguka mitaani na kipaza sauti wakisema Lami ameuza lami. Wengi wa waliopita relini hawakujua kilichotokea kwenye ukumbi ule, na waliojua hawakutosha. Alirudi dukani kwenye misumari yake. Mama alininunia miezi mitatu, akisema nimemmaliza ndugu yake. Mjomba ndiye aliyemwambia aache. Kwangu hakulitaja tena jambo lile, ila siku moja, akinipimia rangi ya kupaka chumba changu cha kwanza, aliniuliza ghafla kama wamekwisha kumwaga zege la nguzo. Nikamwambia nguzo tatu tayari. Akaongeza rangi juu ya kipimo.

Barabara ya njia nne ilikuja baada ya miaka tisa, ikafunguliwa na meya mwingine. Mjomba alikwenda kwenye sherehe, akasimama nyuma na watu, akapiga makofi kuliko wote.

Lakini daraja lilitangulia. Lilichukua miaka mitano, na lilipofunguliwa hapakuwa na tamasha kubwa. Jumatatu ya kwanza nilijipeleka mwenyewe alfajiri, na kifaa cha kuhesabia kiganjani, ingawa nilikuwa nimeshakuwa na watu wa kuwatuma. Nilisimama katikati, penye taa. Walikuja kama nilivyowakumbuka, mamia kwa mamia, sakafu ikitetemeka chini ya miguu yangu, na nikabonyeza mpaka kidole kikafa ganzi.

Wanawake wawili waliovaa sare za hospitali walisimama hatua chache kutoka nilipokuwa. Mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake habari za mkwe wake aliyekuja kukaa siku mbili na sasa ana wiki ya tano. Waliegemea kingo kama watu walioegemea dirisha la nyumbani kwao, wakacheka kwa sauti. Treni ya mizigo ilipita chini yao, behewa baada ya behewa, na wala hawakuinamisha kichwa kuitazama.

Nikabonyeza mara mbili.